Msiba wa Goti

Goti langu la kushoto liliumia kwenye mteremko wa Kisarawe, asubuhi, nikijifua kwa mbio za mkoa. Mashindano yalikuwa Kibaha. Mshindi angechukuliwa kambi ya taifa, na mama alishasema mwaka ule ukipita bila kuitwa, naolewa.

Halikuvunjika. Lingevunjika ningejua moja. Lilivimba, likanywea, likavimba tena, miezi mitano. Zahanati walinifunga bendeji, wakaniambia nipumzike. Mama alinikanda kwa maji ya moto na chumvi. Balozi wa nyumba kumi akanitoa kwenye kulima shamba la ujamaa, akaniweka pembeni nimenye mihogo na akina bibi. Mimi, niliyekuwa nawapita wavulana!

Mwanzoni nililia. Baadaye machozi nayo yakaniishia. Mtu akiuliza hali, nasema nzuri tu.

Mtani wangu, Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge akaoa kwetu, alitokea siku moja na jamvi kichwani, akaangua kilio mlangoni: "Jamani, goti limetutoka! Limeacha wajane wawili, paja na ugoko!" Majirani wakavunjika mbavu. Akaichukua kanga yangu kwenye kamba, akajifunga, akakimbia uani akichechemea kama mimi. Hiyo ni haki ya mtani. Sisi Wazaramo nasi tunawatenda hivyo hivyo, tena misibani, na hakuna anayenuna.

Mimi nilinuna. Nilimmwagia kata nzima ya maji, nikamwambia atoke na asithubutu kunitajia tena habari za goti. Mama alishika mdomo kwa aibu. Mtani akakunja jamvi lake, akaenda zake.

Majuma kadhaa baadaye, mwalimu wa michezo alikuja kuuliza kama nitaiweza safari ya Kibaha. Niliinuka, nikachechemea hatua tano mbele yake.

"Bado, mwalimu."

Akalikata jina langu, akaandika la mwenzangu. Lori lilipoondoka na wanamichezo wakiimba, nilikuwa namenya mihogo. Sikuona uchungu wala wivu. Niliendelea kumenya mpaka beseni likajaa.

Mama hakuniacha. Kila siku, "Umemwomba radhi mtani wako?" Mwisho nikachukua jogoo, nikaenda. Mtani alimpokea, akampima uzito kwa mkono, akasema jogoo mwenyewe amekonda kama aliyemleta. Kisha akauliza:

"Sasa naruhusiwa kusema?"

"Sema."

Akaiga ninavyotembea shambani mbele za watu: chechemea, chechemea, uso umekunjamana. Halafu akajitwisha ndoo tupu, akaiga ninavyopanda kutoka kisimani nikiwa peke yangu. Alipanda haraka, miguu yote miwili ikikunjika sawasawa.

Nilishika goti. Nikalibonyeza huku na huku. Haliumi. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho lilipouma, sikukumbuka. Kumbe nilikuwa naliogopa tu, na woga wenyewe niliuzoea.

"Tangu lini?"

"Kabla ya lori la Kibaha. Nilikuwa nakuona kila siku."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Si ulinikataza, mtani?"

Hakuwa anatania. Nikamuaga. Kutoka kwake mpaka kwetu njia ni tambarare, na jioni ile haikuwa na mtu. Ningeweza kukimbia mpaka nyumbani. Nilitembea.