Kigoda cha Mtu Aliye Hai

Nimechora wanasiasa hadi mkono umechoka. Wote wanataka kitu kilekile: usinga mkononi, ziwa nyuma yao, na tumbo lipunguzwe kidogo. Naweka usinga, naondoa tumbo, wanatoka bandani kwangu wafalme watupu. Nyumbani wanabaki walivyokuwa.

Mwaka huu alikuja mmoja wa Sondu anayetafuta ubunge. Alifika hapa Obunga akitaka nimchore ameketi kwenye kigoda cha babake, kile cha miguu mitatu chenye shanga. Picha ya kigoda alikuwa nayo kwenye simu.

"Mheshimiwa, mzee si bado ako?" nikamuuliza. "Kwetu mtoto hakalii kiti ya baba kama baba ako hai."

Akacheka. "Fundi, hiyo ni mambo ya kizamani. Watu wanataka kuona nguvu imetoka wapi."

Nimechoka kubishana na wakubwa. Mwenye nguvu mpishe. Nikachora.

Bango likasimamishwa kando ya barabara ya Sondu. Haukupita muda, kina mama wakaanza kuingia kwa mzee wakipiga mayowe, huyu na kuku, yule na sukari ya matanga. Hakuna aliyewatangazia msiba. Walikuwa wameona bango tu: mwana amekalia kigoda, basi mwenyewe hayupo. Walimkuta mwenyewe mlangoni akinywa uji.

Niliposikia nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha mzee akaja bandani, peke yake, kigoda kwapani, na kicheko kikaniisha.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "wewe ndio umeniua. Sasa nichore nikiwa nimekalia kiti yangu, tuweke pale kwa barabara watu waone. Wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi sitaki likuje bado."

Nilimchora bila usinga wala ziwa. Alitaka mikono yake magotini na shati lake la kila siku, basi. Alikaa wima asubuhi nzima, akinitazama kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Nilimpenda mzee yule. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilitaka sana picha itoke vizuri, nayo ikatoka.

Mwanawe alifika rangi haijakauka. Nilidhani ataona haya, au atakasirika kwamba babake anataka kushindana naye barabarani. Wala. Aliitazama picha kwa muda mrefu, na macho yakamlegea. Aliguswa kweli, siwezi kumsingizia.

"Fundi, hapa umeweza," akasema. "Iweke mahali poa, isiguswe na vumbi. Hii ndio tutasimamisha kando ya jeneza siku ile."

Aliyasema kwa upole, babake akiwa palepale, kama mtu anayetoa sifa. Mimi nikabaki nikifuta brashi ambayo ilikuwa safi. Mzee aliinuka polepole, akachukua kigoda chake, akatoka nacho.