Nilimtafsiria injinia "uhakika" ambao hakuwa nao, shemeji yangu akashuka shimoni

Wakuu, heshima kwenu.

Hiki ninachoandika sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Sitapunguza wala kuongeza neno, maana kuongeza ndiko kulikonifikisha hapa.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, sekondari moja huku Ushirombo. Niacheni nijisifu kidogo kabla sijajianika. Mtaani kwetu barua ya Kiingereza ikija, inaletwa kwangu. Ukweni hawaniiti jina, wananiita Mwalimu, na mimi nilikuwa naipenda sana hiyo heshima.

Sasa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, tumwite Masanja, ni mchimbaji Rwamgasa. Kazi yake ni kufunga matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara zisiporomoke. Duara ni shimo la dhahabu, kwa ambao hamjafika huku. Lile analofanyia kazi ni la mama mmoja mkali kidogo, Mama Kulwa.

Kulikuja mzungu, injinia wa miamba, na mradi wa kufundisha usalama. Mkalimani wake akashikwa na malaria. Masanja akanipigia: "Shemeji, njoo utusaidie siku mbili tatu, hapa tunaongea kwa mikono."

Shule zilikuwa zimefungwa. Nikapanda Hiace mpaka Katoro, nikachukua bodaboda mpaka Rwamgasa. Nilivaa shati la kuchomekea, wakuu. Nilijiona.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana ndipo kosa lilipo.

Darasani huwa naandika ubaoni: sure, certain, confident, convinced, positive. Halafu naweka alama ya sawasawa, naandika "kuwa na uhakika". Miaka yote nimefundisha hivyo. Mtihani unataka hivyo, na watoto wanafaulu.

Siku ya kwanza injinia akaangalia ukuta wa upande wa mashariki akasema "I am certain this side is bad." Nikasema ana uhakika huu upande ni mbovu. Sawa kabisa. Wakauziba.

Siku ya pili akasema "I'm convinced the water is coming from the old pit." Yaani ameangalia dalili zimemfikisha hapo, ila chanzo cha yale maji hajakiona. Mimi nikasema ana uhakika maji yanatoka shimo la zamani. Wachimbaji wakatikisa vichwa kukubali, mtaalamu huyo.

Nilikuwa nikisema "ana uhakika", watu wananiangalia mimi usoni, si yeye. Utamu wake msiuchukulie poa.

Siku ya tatu ndiyo yenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha karibu wiki nzima. Maji yameshavutwa kwa pampu, watu wanataka kurudi kazini. Masanja alikuwa amegonga matimba ya juu kwa kisogo cha shoka, anasikiliza. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi sijaridhika. Muulize mtaalamu."

Nikamuuliza. Injinia akamulika tochi, akasema: "I'm fairly confident the timbers will hold."

Kwa Kiswahili cha kawaida kabisa: naona yatashika, ila siapi.

Lile "fairly" nililisikia wakuu. Siwezi kusema lilinipita. Nililisikia nikalimeza, kwa sababu watu kama ishirini walikuwa wananitazama na "anaona kama yatashika" ilikuwa inaonekana jibu la mtu asiyejua Kiingereza.

Nikasema: "Ana uhakika matimba yatashika."

Sasa pale kuna utaratibu ambao mimi sikuujua. Baada ya mvua, anayesema shimo ni zima ndiye anayetangulia kushuka. Hakuna mjadala, hata uwe nani. Mama Kulwa akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akaniambia, "Haya Mwalimu, mwambie atangulie."

Watu wakacheka. Nikamwambia injinia huku na mimi nacheka.

Hakucheka. Akarudi nyuma hatua mbili. "No. I said fairly confident. I did not say certain. Nobody should go down before I test it."

Nikaacha kucheka.

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja tu: nimekosea kutafsiri, anasema mtu asishuke. Ningechekwa nusu saa, nikarudi zangu Ushirombo.

Mama Kulwa akauliza, "Anasemaje?"

Nikajibu: "Anasema taratibu za kazi yake hazimruhusu kushuka kwenye mashimo."

Nilijiambia kwamba kama hakuna wa kutangulia, Mama Kulwa ataahirisha. Nilikuwa nategemea utaratibu wao uniokoe. Yule mama kweli alianza kugeuka kuondoka.

Masanja akasema, "Matimba ni yangu. Natangulia mimi."

Akaanza kujifunga kamba. Mimi nimesimama kama nilivyo. Alipomaliza fundo akanitazama, akauliza taratibu tu, "Shemeji, amesema ana uhakika?"

Nikasema ndiyo.

Wakuu, nimeliandika hilo neno nikalifuta mara tatu. Lakini ndivyo nilivyosema. Ndiyo.

Injinia kuona kamba inaenda chini akaanza kupiga kelele, ananishika mkono, "Why is he going? What did you tell them?" Nikamwambia subiri, subiri. Sijui nilikuwa nataka asubiri nini.

Haikufika dakika tano. Tulisikia mlio wa gogo kukatika, halafu udongo, halafu upepo mzito ukatoka mdomoni mwa shimo. Watu wakaivamia kamba. Nilivuta na mimi, viganja vikachunika, sikusikia maumivu mpaka kesho yake. Kutoka chini sauti ya mtu mzima mwenye watoto wanne inamlilia mama yake, "Mayu, mayu."

Alitoka hai. Mguu wa kulia na nyonga vilikuwa vimepondwa.

Injinia analia machozi, anasema "I told you! Tell them I told you!"

Mama Kulwa akanigeukia. "Anasema nini huyu?"

Nikasema, "Anasema pole."

Yule mzungu alifukuzwa pale siku ileile, na kidogo wampige. Mradi haukurudi tena. Na alikuwa amesema kweli toka mwanzo mpaka mwisho, hakuna neno lake hata moja lililokuwa la uongo. Nikiwaza hilo hadi leo nashtuka upya, kama nimeamshwa kwa maji ya baridi.

Masanja alilazwa muda mrefu, sasa anaishi kwangu. Anatembea kwa magongo. Kushuka shimoni ndiyo basi tena.

Wiki iliyopita tulikuwa wawili tu, nikasema leo namwambia. Nikaanza kwa kuzunguka, nikamuuliza kwa nini alishuka na yeye mwenyewe alikuwa hajaridhika na yale magogo.

Akanijibu bila hasira yoyote: "Shemeji, mzungu yule mimi simjui, hata angeapa nisingeshuka. Nilishuka kwa sababu ni wewe uliyesema."

Nilichokuwa nimepanga kusema kikaishia hapo.

Ubaoni nimeacha kuweka ile alama ya sawasawa. Nawaambia wanafunzi kuna mtu anayejua, kuna aliyeshawishika kwa dalili, kuna anayetumaini, na kila mmoja apewe neno lake. Na kwenu mnaotafsiri, iwe kanisani, hospitalini au migodini: mtu akisema anadhani, mwache adhani. Usimwazime uhakika wako, hasa kama na wewe huna.

Hilo la kutafsiri nimejifunza. Ila la nyumbani kwangu sijui nifanyeje. Mke wangu kila akimwandalia kaka yake maji ya kuoga anamlaani yule mzungu. Nikisema, nampoteza shemeji na pengine ndoa. Nisiposema, mtu mwema anabebeshwa uongo wangu maisha yake yote. Mtakaonitukana nitawasoma, nimestahili. Ila mwenye ushauri wa kweli naomba auweke.

Ninavyoandika hivi Masanja yupo sebuleni na mgeni, anamsimulia jinsi mzungu alivyomdanganya. Ananiita nikamsemee ile sehemu ya Kiingereza, mzungu alivyosema.