Mstari Kati ya Visanduku Viwili

Watu watatu wenye shahada za juu walimsimamisha dada yangu mbele ya ubao kwa karibu saa mbili, wakimtaka achore mstari mmoja tu: upande huu kuchanganya, upande ule kuchuja. Hakuuchora. Na visanduku viwili vilivyowafanya waudai mstari huo nilivichora mimi.

Mimi ni mwandishi wa habari wa redio, Iringa. Dada yangu anasoma shahada ya uzamili kwenye chuo kimoja cha Mbeya, na kwa miaka miwili amekuwa akisanifu chipu ya kurushia mawimbi, kitu ambacho kingekaa juu ya ukucha wa kidole kidogo na nafasi ikabaki. Kiwanda cha ng'ambo hukusanya michoro ya vyuo vingi na kuitengeneza kwa mkupuo mmoja. Chuo chake kilipata nafasi moja. Mchoro ungepelekwa iwapo wajumbe wote watatu wa jopo wangesaini. Usipowahi, zamu nyingine ni mwakani, na ufadhili wake unaisha kabla ya hapo.

Nilifika Mbeya Jumatano, siku mbili kabla ya jopo, kumsaidia kupanga maelezo. Nilimuuliza kama ninavyowauliza watu wote. Chipu inafanya nini? Akasema ujumbe wa simu, ukiwa bado mbichi, una masafa ya chini ambayo hayafai kurushwa hewani. Kwa hiyo unachanganywa na mdundo wa kasi sana, nao unapanda. Lakini kuchanganya huko kunazaa uchafu pembeni, na uchafu huo unaingilia mawasiliano ya wengine. Ndiyo maana ukishachanganya, unachuja.

"Sawa," nikasema. "Kwanza hiki, kisha kile."

"Hiyo ni kwenye chipu za kawaida. Kwenye yangu hakuna kisha."

Nikamwambia sijaelewa. Akasema nifikirie mashine ya kusaga ya marehemu baba, kule Kilolo. Nyundo zinapiga mahindi na chekeche limezizunguka humohumo. Unga laini unatoka, chenga zinabaki kupigwa tena. Hapo nikaelewa, nikaanza kuandika. Akanizuia kabla sijamaliza sentensi.

"Usiandike hivyo. Chekeche la baba unalifungua, unaliweka chini. Langu halifunguki. Swichi zilezile zinazochanganya ndizo zinazozifanya kapasita, vile vitunza umeme vidogo, zichuje. Nikibadilisha mdundo, kichujio nacho kinahamia masafa mapya."

"Kinahama bila kuguswa?"

"Bila kuguswa."

"Dada, hapo umeniacha njiani."

"Mimi mwenyewe nilikaa njiani hapo miezi sita, mdogo wangu. Kunywa chai."

Mchoro wake ulikuwa na swichi nne, kila moja na kapasita yake, na nyaya zilizopishana mpaka sikujua macho yaanzie wapi. Nikaona nitamsaidia. Kwenye kompyuta yake nikatengeneza ukurasa mmoja safi: mshale unaingia, kisanduku cha kwanza "Kuchanganya", kisanduku cha pili "Kuchuja", mshale unatoka. Nilipomwonyesha alikuwa anaongea na mama kwenye simu. Akautupia jicho, akasema umependeza, akaendelea kumuuliza mama habari za mguu wake. Nikauchapisha, nakala tatu.

Ijumaa nilikaa kiti cha nyuma. Mjumbe wa tatu, mwalimu mstaafu anayeishi Uyole, aliinua ukurasa wangu.

"Binti, hapa naona visanduku viwili."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nionyeshe kwenye mchoro wa chipu, kila kimoja kiko wapi."

"Viko mahali pamoja, mwalimu."

"Kama viko mahali pamoja, mbona umeweka viwili?"

Nilingoja dada anigeukie. Hakunitazama hata kidogo. Alisema, "Nimekosea kuchora," akaanza kueleza upya, swichi kwa swichi. Nusu ya maelezo yale niliyaandika kwenye daftari langu, na hadi leo nikiyasoma naona maneno ninayoyajua yamekaa kwa mpangilio nisioujua. Mjumbe mwingine alitazama saa. "Chora huo mstari popote, binti, twende tukale." Watu wakacheka. Dada yangu naye akacheka kidogo, akasema akichora popote atakuwa amewadanganya.

Wawili walisaini. Mstaafu alisema hawezi kusaini kitu ambacho karatasi inasema hivi na mwenyewe anasema vile.

Leo Jumatatu asubuhi nimempelekea mchoro mpya, usio na visanduku, pamoja na fomu ya saini. Nilimkuta uani kwake akichambua mbegu za viazi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi visanduku." Kumbe dada alikuwa ameshampigia simu kunitaja, au kunitetea, sikuuliza. Alifuta mikono, akausoma mchoro kwa muda mrefu. "Mdundo ukisimama kabisa, chipu hii inachuja masafa yale ya juu?"

Sikujua. Nikampigia dada, nikaweka sauti ya nje. Akasema mdundo ukisimama, hakuna kuchanganya wala kuchuja huko juu. Vyote vinakufa pamoja.

"Hapo nimekuelewa," mwalimu akasema, na mimi nikadhani tumemaliza. "Na mdundo ukiyumba kidogo tu, wala usisimame? Kinatangulia kuharibika kipi?"

Upande wa pili nikamsikia dada akifunuafunua karatasi.

"Sijapima, mwalimu," dada akasema. "Nadhani vyote. Ila sijui kinachotangulia."

Sikuweza kujua kama jibu hilo lilikuwa baya au zuri. Mwalimu alitikisa kichwa polepole, akaukunja mchoro pamoja na fomu, akasema nimwachie. Nilimkumbusha habari ya muda. Akasema anaijua.

Naandika haya Jumatatu jioni, nyumbani kwa dada. Yeye yuko mezani anajaribu kupima mdundo unaoyumba, na hajaniambia anachokiona. Fomu iko Uyole, ina saini mbili. Kiwanda kinafunga kupokea michoro kesho saa sita mchana.