Mwalimu Ngoja na Vidole Kumi

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye vyeti. Shule nzima, kuanzia mlinzi wa getini, humwita Mwalimu Ngoja, naye huitika. Wenzake humtania ofisini: "Ngojangoja huumiza matumbo, mwalimu!" Yeye huwajibu bila kuinua macho kwenye madaftari anayosahihisha: "Na mwenye pupa hadiriki kula tamu." Kwa maneno humwezi.

Ila msidhani alizaliwa na subira hiyo. Miaka kumi na miwili ya kwanza alifundisha hesabu kama mtu anayefukuzwa. Swali likimtoka mdomoni, tayari ameshamchagua wa kujibu. Darasa lilichangamka, vidole juu, "Mimi mwalimu! Mimi!" na kijana mmoja waliyemwita Fataki alikuwa akilipuka na jibu kabla swali halijaisha. Mwalimu alitoka na vumbi la chaki mpaka kwenye viwiko, ameridhika kabisa na kazi yake.

Kisha binti wa kaka yake akaingia darasa hilo. Nyumbani mtoto huyo ni chiriku, hanyamazi hata akila. Darasani alikaa kama aliyeshonwa mdomo, naye shangazi yake akaanza kuamini kwamba hesabu zimemshinda. Jumamosi moja alikwenda kwa kaka yake, akamkuta binti huyo mkekani, anamfundisha mdogo wake hesabu za sehemu kwa vizibo vya chupa. Alieleza vizuri kuliko kitabu.

"Kumbe unayajua haya?"

"Nayajua, shangazi."

"Mbona darasani huinui hata kidole?"

Binti alikusanya vizibo vyake polepole. "Nikianza tu kufikiri, shangazi, wewe umeshamchagua Fataki."

Neno hilo lilimchoma, lakini hakuliamini. Mtu wa hesabu hutaka ushahidi. Jumatatu alimwambia binti aandike nyuma ya daftari: kila mvulana akichaguliwa, mstari, msichana, nukta. Kipindi kilipoisha, mistari ilikuwa ishirini na mitatu, nukta nne. Na katika hizo nne, mbili zilikuwa "njoo unifutie ubao."

Alibaki peke yake kwenye darasa tupu, daftari mapajani, ameona aibu ya kweli. Yeye mwenyewe utotoni aliambiwa hesabu ni za kaka zake, akalia, akakaza meno, akasoma. Leo alikuwa akiwaambia watoto wa wenzake maneno yaleyale, tena kwa tabasamu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Akiuliza swali, anasema "ngoja", anaweka mikono mgongoni na kukunja vidole kimoja kimoja mpaka kumi. Hakuna kujibu kabla ya kumi, na kila mmoja aandike kwanza. Wiki ya kwanza Fataki aliikalia mikono yake, maskini, ametoka jasho. Kwenye makundi nako mwalimu aligundua jambo: wavulana ndio walioshika kamba na rula za kupimia, wasichana wanaandika kwa mwandiko mzuri kazi ya wengine. Akaweka sheria: aliyeshika kamba jana, leo anaandika.

Kilichomshangaza ni kwamba dawa haikuwaponya wasichana peke yao. Kijana wa pembeni, ambaye alikuwa amemwandika moyoni kuwa ni goigoi, alianza kujibu. Naye Fataki, kwa kulazimika kuandika, aligundua kwamba nusu ya majibu yake yalikuwa ya uongo, akawa anayakata kwa wino mzito kabla jirani hajaona.

Mambo yakiwa yameanza kunyooka hivyo, mwalimu mkuu akarudi kutoka semina na jalada jipya kwapani.

"Wavulana wanataka mwendo, wasichana wanataka upole," alisema. "Muhula ujao tunawatenga. Wavulana na kitabu kikubwa kwa mwalimu wa sayansi. Wasichana kwako, na kile chepesi."

Kile chepesi hakikuwa na sura nne za mwisho, na mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa nazo zote. Binti wa kaka yake na wenzake wangeshindwa kabla hata ya kushika kalamu.

"Na yule kijana wa pembeni utamweka wapi, mkuu?" aliuliza. "Anataka upole kuliko wasichana wote. Fataki naye, mwendo anao tele. Anachotaka ni breki."

Mwalimu mkuu alicheka, lakini hakulegeza. "Mkaguzi anakuja Alhamisi. Nikiwasikia hao wasichana wako wakisema mbele yake, tutazungumza. La sivyo, tunawatenga."

Alhamisi mkaguzi alikaa nyuma ya darasa, mwalimu mkuu pembeni yake. Mwalimu Ngoja akaandika ubaoni: tangi lina lita themanini za maji. Maji yakaongezwa kwa robo, kisha yakapunguzwa kwa robo. Je, yamerudi yalipokuwa?

"Ngoja," akasema, mikono mgongoni.

Kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kalamu zikakwaruza, kisha kimya. Mkaguzi alitazama saa yake. Mwalimu mkuu alikohoa, akajigeuza kwenye kiti kidogo cha wanafunzi, na kwenye kidole cha sita uzalendo ukamshinda.

"Jamani, si yamerudi palepale! Lita themanini!"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Fataki aligeuka, akamtazama kwa huruma ya mtu ambaye yamemkuta mengi. Mwalimu akaendelea kukunja: saba, nane, tisa, kumi. Mikono mitano ikainuka, mmoja wa kijana wa pembeni, mmoja wa binti wa kaka yake.

Alimchagua binti. Binti akaandika ubaoni: robo ya themanini ni ishirini, jumla mia. Halafu akakwama. Chaki imegusa ubao, haisogei. Mkaguzi akainua kalamu, na shangazi mtu uvumilivu wa miezi yote ukamtoka mara moja. Akapiga hatua mbele.

"Kumbuka sasa robo ni ya—"

"Ngoja, mwalimu," binti akasema bila kugeuka.

Mwalimu akasimama palepale. Akarudisha mikono mgongoni, akaanza kukunja. Alipofika kidole cha nne chaki ikasogea.

"Robo ya mia ni ishirini na tano. Zimebaki lita sabini na tano. Robo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza." Kisha binti akageuka. "Samahani, mwalimu mkuu."

Mkaguzi alimgeukia jirani yake. "Ndilo hili darasa ulilosema utaligawa?"

Mwalimu mkuu alitaka kujibu haraka, kisha akautazama ubao.

"Ngoja kwanza nifikiri," akasema.

Mwalimu Ngoja akaanza kukunja vidole, na safari hii darasa zima likakunja pamoja naye, mikono chini ya madawati. Walikuwa kwenye cha nane mwalimu mkuu alipojibu.

"Wabaki pamoja. Na kitabu kikubwa."