Jumanne ya Bamvua

Inatangazwa kwa wananchi wote, wake kwa waume, wenye vyeo na wenye njaa, kwamba Kudra binti Muharami, mjane na mkulima wa mpunga wa Kifumanga, upande wa Maparoni, amebainika kuwa na elimu ya kujua maji yatajaa lini na yatakupwa lini. Elimu hiyo hakuipata chuoni, haina muhuri, wala haikupitishwa na kikao. Kwa sababu hizo, Mkoa umeonelea ni busara kutoitumia.

Tangazo hilo halikubandikwa ukutani popote, lakini ndivyo mambo yalivyokwenda.

Bi Kudra aliyajua maji kama mke anavyomjua mume mtembezi: siku gani atarudi mapema, siku gani asingojewe. Shamba lake lilikuwa ukingoni mwa kijito, na mpunga wa huko hunyweshwa na bahari yenyewe, ikijaa ikausukuma mto mpaka mashinani. Ukikosea siku, unapanda mbegu na kuvuna chumvi. Kwa hiyo tangu utoto wake, juu ya dungu akifukuza ndege, alikuwa akihesabu mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa hadi vizingitini, kisha hukupwa mpaka kijito kinabaki tope tupu. Katikati yake ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, mradi yapo.

Zamani kidogo, nesi alikuwa akija kwa mtumbwi wa Abdalah, mvushaji wa kijiji. Nesi huyo, Bernadeta, alitoka bara, na mara ya kwanza kuona mikoko alidhani ni miti iliyong'olewa ikasimamishwa tena kwa haraka. Lakini hakuwa na kiburi. Kila akimaliza kuchanja watoto alikuwa akiuliza, "Bi Kudra, nirudi lini?" Naye akihesabu vidole tangu mwezi kuandama, akamjibu, "Mwezi tano, jua likiwa hapa," akinyoosha mkono angani. Nesi akarudi mwezi tano, jua likiwa pale. Hakuna aliyeliita jambo hilo mfumo wa usafiri wa huduma za afya, na labda ndiyo maana lilifanya kazi.

Ikaja miaka ya ruksa. Kila kitu ruksa: ruksa mitumba, ruksa kaseti, ruksa mwenye duka kujaza sabuni za nchi saba. Kikakatazwa kimoja tu, mtumbwi wa Abdalah. Kipindupindu kilipita mwaka mmoja, Mkoa ukaketi, ukakuta kwamba ugonjwa ulisambazwa na watu, na watu walisambazwa na mitumbwi. Visima hawakuvigusa, maana visima havikimbii na vingeweza kungoja. Wafadhili wakaleta boti nyeupe ya faiba, injini mbili, na Afisa Mipango akaja Kifumanga kuitangaza.

Bwana Leodgar alikuwa mtu wa milimani, mpole, nadhifu, mwenye saa kubwa mkononi. "Kuanzia sasa," alisema, "mgonjwa hapandi mtumbwi. Kila Jumanne boti itaondoka mjini saa mbili kamili asubuhi, na saa nne kamili itakuwa hapa. Ni ya wagonjwa na watumishi, siyo ya jamaa zao."

Bi Kudra akainua mkono. "Jumanne ipi, baba?"

"Kila Jumanne, mama."

"Basi Jumanne moja utatukuta na maji, ya pili yake utatukuta na tope. Njoo na mwezi, usije na saa."

Watu wakaguna kukubali. Bwana Leodgar akatabasamu tabasamu la mtu mwenye makabrasha. "Mama yangu, serikali haiendeshwi na mwezi."

"Na sikukuu ya Idi je?" Abdalah akadakia kutoka nyuma. "Mwaipanga kwa saa hiyo?"

Wakacheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akalazimika kukohoa. Kwenye ripoti iliandikwa kwamba wananchi walipokea ratiba kwa furaha.

Boti ikawa inafika Jumanne moja na kukosa moja. Ile iliyokosa ilikuwa ikionekana kule mlangoni mwa kijito imepwelewa, imeinama upande kama inasikiliza kitu matopeni, na nesi Bernadeta juu yake na kasha lake la chanjo, barafu ikiyeyuka.

Yote haya Bi Kudra angeyacheka kama wenzake, isipokuwa kwa Tatu.

Tatu ni binti yake wa pekee. Alianza kukohoa wakati wa kupalilia, na wakati wa kuvuna akawa anakohoa damu. Akapelekwa kwa boti, Jumanne ya maji mafu, amelazwa juu ya mkeka. Mama akafika naye mpaka ukingoni, akaambiwa jamaa hawapandi. Hospitali ikasema ni kifua kikuu, kinatibika: miezi miwili wodini, kisha arudi kwao, dawa nyingine azimeze nyumbani. Miezi miwili ikaisha. Daktari akauliza dawa hizo zitamfikiaje. Akaambiwa kwa boti. Boti inafika lini? Akaambiwa ukweli. Dawa hizo hazitaki kukosa, Jumanne moja moja haizifai. Daktari akaandika: abaki. Miwili ikawa minne, minne ikawa minane, na mtu aliyekuwa anapona kwa dawa akawa anafungwa na ratiba.

Mama naye alifungwa upande wa pili. Botini hapandi, kwa kuwa ni jamaa. Mtumbwini hapandi, kwa kuwa Abdalah alikwishanyang'anywa makasia mara moja na kuonywa kwamba mara ya pili utakwenda mtumbwi mzima.

Khanga za Tatu aliziacha kambani. Kila Ijumaa alizifua, ingawa hazikuwa zimevaliwa na mtu, akazianika tena. Alipika kibaba cha watu wawili, maana mkono ulikwishazoea, kisha akakaa akiitazama nusu ya pili ya sufuria. Siri yake kubwa, ambayo alimwambia nesi peke yake, ni kwamba alikitamani hata kile kikohozi. Kilimwudhi sana kilipokuwapo. Sasa nyumba ilikuwa na ukimya ambao kuku waliuogopa.

Jumanne za maji alikuwa wa kwanza ukingoni. "Mwanangu hajambo?"

"Hajambo, Bi Kudra. Ameongeza kilo mbili."

"Anacheka?"

Bernadeta akafikiri. Kwenye fomu palikuwa na mahali pa uzito, pa joto na pa makohozi. Pa kucheka hapakuwapo. "Wiki iliyopita nilimsikia," alisema mwishowe. "Alikuwa anamcheka mpishi wetu. Alisema wali wetu ungefaa kuzibia mtumbwi."

Bi Kudra aliishi na maneno hayo kwa majuma mawili. Aliyarudia shambani, akiwasimulia ndege.

Kisha ikaja barua yenye muhuri. Aliyeisoma ni Abdalah, maana makasia hayakuwa na kazi nyingi siku hizo: mgonjwa Tatu amepona, ataletwa na boti Jumanne ijayo, saa nne kamili asubuhi.

Bi Kudra akahesabu vidole. Akahesabu tena kuanzia kidole kingine, huenda kikawa na huruma. Jumanne ijayo ilikuwa mwezi kumi na tano. Bamvua. Saa nne kijitoni hapatakuwa na maji ya kunawia mkono. Alijua yeye, alijua Abdalah, walijua kaa wa matopeni.

Na Jumanne ile, alfajiri, Abdalah akapita akamkuta anakuna nazi. Mchele mpya ulikwishapepetwa, kamba wamemenywa, na yeye mwenyewe amejifunga khanga ambayo haijaona maji.

"Bi Kudra, leo kumi na tano. Wapika wali wa saa nne?"

"Barua imesema saa nne."

"Na maji yamesemaje?"

"Maji hayajaniandikia."

Abdalah, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, akaitazama nazi, akakitazama kijito, akaenda zake. Mwanamke aliyekataa kuamini ratiba mwaka mzima alikuwa ameiamini siku ile moja ambayo hata mbuzi asingeiamini. Si kwamba alisahau kuhesabu. Kuhesabu kulimpa saa tisa alasiri, na miezi minane ilikuwa imekula uvumilivu wake wote, hakikubaki cha kufikia saa tisa.

Saa nne kasorobo sufuria ilikuwa ukingoni, imefunikwa kawa. Saa nne kamili, boti ikatokea kwenye kona ya mikoko, mlangoni mwa kijito. Hilo lazima lisemwe kwa haki: ilifika kwa wakati. Ikaja kwa kishindo, injini zikanguruma, zikapiga chafya, zikatema tope, ikasimama. Kutoka pale hadi sufuria palikuwa na hatua mia, na kila hatua tope lake lilikuwa la kiunoni.

Botini alikuwamo nahodha, nesi Bernadeta, na Bwana Leodgar mwenyewe, aliyekuja na kipaza sauti kukagua mafanikio. Na nyuma yao akainuka msichana mnene wa mashavu. Bi Kudra hakumtambua mara moja. Alimtambua alipoweka mkono kiunoni.

"Tatu!"

Tatu akafungua kinywa, na Bernadeta akamziba. Daktari alikuwa ameagiza asipige kelele miezi mitatu, kifua bado kibichi. Basi akapunga mkono tu. Mama akapunga. Wakapungiana mpaka ikawa kama wanafukuza ndege.

"Bwana Afisa!" Abdalah akaita. "Nausukuma mtumbwi juu ya tope, nakuja kumtwaa!"

Kipaza sauti kikakwaruza. "Mitumbwi ni marufuku kupakia wagonjwa!"

"Si kapona huyo? Barua yenu yasema kapona!"

Bwana Leodgar akashauriana na saa yake. "Ruhusa lazima itoke Mkoani!"

"Mkoa si ndiye wewe?"

"Mkoa ni ofisi! Mimi hapa nimekwama tu!"

Wakacheka hata wale waliokuwa naye botini. Tatu akacheka pia, mkono mdomoni, na mama akauona ule mtikisiko wa mabega. Kicheko hicho alikuwa amekingoja miezi minane, na hakuweza kukisikia.

Ikapita saa tano. Ikapita saa sita. Jua likakaa juu ya faiba nyeupe. Bwana Leodgar alikuwa amevua koti na tai, na kipaza sauti alikilaza pembeni. Tatu akakichukua bila kuomba, akakisogeza mdomoni, akanong'ona. Na mnong'ono ule ukapita juu ya tope ukiwa mkubwa kama wa malaika mwenye njaa:

"Mama. Umepika nini?"

Bi Kudra akajaza kifua. "Wali!"

"Wa nini?"

"Wa nazi! Na kamba!"

Botini nahodha akasikika akisema Mungu wangu.

"Uniwekee ukoko," mnong'ono ukasema.

"Wote wako!" Kisha Bi Kudra akaketi kwenye gogo, mikono juu ya kawa, kama mtu anayemshika mtoto asikimbie.

Saa saba, maji yakiwa bado mbali baharini, Bwana Leodgar akakumbuka kwamba ana ripoti ya kuandika, na kwamba ripoti ina sehemu ya maoni ya mwananchi. Akakitwaa kipaza sauti chake, akasafisha koo, akamwelekea mjane pale ukingoni.

"Mama Kudra! Wewe ni mdau wa kwanza wa huduma hii! Kwa niaba ya wananchi wenzako, uuambie Mkoa bila woga: unayaonaje mafanikio ya usafiri huu wa afya?"

Kijiji kizima kikamgeukia. Bi Kudra akainua kawa, akaingiza kidole sufuriani, akakitoa.

"Wali umepoa."