Taa Iliyoanguka Fainalini

Nianze na uongo unaozunguka mtaani. Binti yangu hakumpendelea mjomba wake katika fainali ile ya mchezo wa kupigana, wala hakuna mtu wa nyumba hii aliyechezea mashine. Wanaosimulia hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, kiti cha mstari wa pili, na nimesoma vya kutosha kutofautisha kosa na hila.

Siku za kazi binti yangu hutengeneza simu. Jumamosi ni mwamuzi katika ukumbi wa michezo ya video, nyuma ya duka la vioo. Wamempa jina la Rula, kwa kuwa hapindi. Katika mchezo ule wawili hupigana kwenye skrini, na uwanja wenyewe unaweza kuwaingilia bila taarifa: taa inaanguka kutoka darini, sakafu inafunguka. Watu wakijifurahisha tu, huachwa hivyo wacheke. Kwenye mashindano Rula huvizima vitu hivyo vyote, kisha kila mchezaji hutazama skrini na kuthibitisha kuwa uwanja hauna kitu kwa kutamka, "Mtupu." Neno hilo lisipotoka vinywa viwili, hakuna pambano.

Fainali ilikuwa kati ya mdogo wangu, fundi cherehani, na dereva mmoja wa lori. Walikuwa sare, imebaki raundi moja, umeme ukakatika. Uliporudi, Rula alikagua sauti, akakagua vishikio vya kuchezea, na watu wanamzomea: "Mwamuzi, tutaota mizizi!" Akaruhusu. Hakuna aliyetamka neno lile. Niliona, lakini nikajiambia mtu mzima hapayuki ukumbini. Nikanyamaza.

Kumbe mashine ilikuwa imerudi katika hali yake ya awali. Mdogo wangu alikuwa amebakiwa na uhai mwembamba kama uzi, dereva anamsogelea ammalize, taa ikamwangukia dereva. Mdogo wangu hakuiacha nafasi hiyo, akammaliza yeye.

"Mpwa kambeba mjomba!" mtu alipaza sauti, na wengine wakadakia.

"Tangaza, Rula," alisema mdogo wangu. "Taa haikuniuliza mimi. Ingeweza kuniangukia hata mimi."

"Ingeweza, mjomba. Ndiyo maana tunaizima."

"Mpiganaji hodari hutazama na juu. Dunia ndivyo ilivyo, jiwe halipigi hodi."

"Dunia sina ufunguo wake, mjomba. Mashine ninao. Hapa watu wamekuja kupimana mikono, hawakuja kupimana bahati."

"Haya. Na mimi niliyekushonea sare za shule?"

Ukumbi ulicheka. Mimi nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili. Sare zile alizishona kweli, mwaka aliofariki mume wangu. Rula akimnyima ushindi, amemdhalilisha mjomba wake mbele za watu. Akimpa, hakuna atakayemwamini tena katika kiti kile, na jina la baba yake litatajwa pamoja na wizi.

Alichukua kipaza sauti.

"Kosa ni langu. Sikukagua uwanja baada ya umeme kurudi. Raundi inarudiwa."

Mdogo wangu alitamka "Mtupu" kama mtu anayemeza dawa chungu. Haikufika dakika moja, akawa ameshindwa. Alimpa dereva mkono, akachukua kofia yake, akapita mbele ya kiti changu bila kunitazama.

Sasa hadithi imegeuzwa: eti dereva alimhonga mwamuzi. Wiki moja upendeleo, wiki ya pili rushwa; waamue kwanza wanataka kumsingizia lipi. Rula bado ni mwamuzi. Hukagua uwanja mara tatu, na asubuhi za Jumamosi chai yake hupoa mezani bila kuguswa.

Kama mdogo wangu amekuja kunijulia hali tangu siku ile au hajaja, hilo ni letu tuliozaliwa tumbo moja. Ya ukumbini nimeyaandika kwa sababu yalitendeka hadharani. Ya nyumbani siyasemi, na asije mtu kuniuliza.