Maana ya Tele

Mjukuu wangu wa kike anasoma katika shule ya Kiingereza hapa Bariadi mjini. Mwaka jana shule yao ilitafuta mwanafunzi mmoja wa kwenda Mwanza kwenye mashindano ya kutaja herufi za maneno magumu ya Kiingereza. Wao huyaita speling. Sijawahi kumwona akitaka kitu kama alivyotaka safari ile, na aliyemkosesha ni mimi.

Herufi alizimudu mwenyewe. Tatizo lilikuwa mizizi. Mwalimu wao, kijana wa Mbeya aliyepata kazi huku, aliwaambia kwamba maneno makubwa ya Kiingereza yameazimwa kwa Wagiriki na Walatini, na anayejua vipande vyake hapotei. Kwa hiyo mtoto akimaliza kutaja herufi, anaulizwa maana ya kipande kimoja. Nyumbani kwetu aliyesoma hadi fomu foo ni mimi peke yangu. Nikakabidhiwa mizizi.

Nilianza vizuri. Bio ni uhai, geo ni ardhi, aqua ni maji. Hayo niliyakumbuka. Kisha jioni moja akaniuliza, "Babu, tele ni nini?"

Sikujua. Mtu asiyejua husema hajui. Mimi nikamuuliza, "Mama yako akitoka shambani Kasoli akasema pamba ni tele, anamaanisha nini?"

"Nyingi."

"Basi."

"Lakini hicho ni Kiswahili, babu."

"Wagiriki walifanya biashara na watu wengi," nikasema.

Nikamletea na ushahidi. Phone ni sauti, kwa hiyo telephone ni sauti tele. Simu ya mama yake ilikuwa ikilia wakati huohuo na haikunipinga. Television ni kuona tele. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuamini. Mama yake, ambaye ni binti yangu, akauliza kutoka jikoni, "Baba, una uhakika?" Nikamjibu kwamba mimi nilisoma.

Siku ya mchujo wazazi tulikaa nyuma ya darasa. Mwishoni walibaki wawili, yeye na binti wa mganga wa zahanati. Wote wawili walipewa neno moja, kila mmoja kwa zamu yake, mwenzake akisubiri nje: telescope. Mjukuu wangu akalitaja herufi kwa herufi bila kukwama.

"Na tele maana yake nini?" mwalimu akauliza.

"Nyingi."

Mwalimu akamtazama. "Nani kakwambia?"

"Babu yangu."

Watu wakageuka. Nami nikageuka, lakini nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Yule binti mwingine akaingia, akataja herufi zilezile, akasema tele ni mbali. Ndiye aliyekwenda Mwanza.

Nilimfuata mwalimu uwanjani. "Kosa ni langu," nikamwambia. "Mtoto alijibu alichofundishwa."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kosa ni langu."

"Nimeelewa, mzee. Lakini wewe hukuwa mshindani."

"Ningekuwa mshindani ningeshindwa mimi."

"Ndiyo, mzee," akasema, kwa heshima kabisa.

Njiani mjukuu wangu alitembea mbele yangu. Tulipopita mashine ya kusaga akapunguza mwendo.

"Babu, ile ya tele ulibuni?"

"Nilibuni."

"Na bio?"

"Bio ni kweli."

"Na geo?"

"Kweli."

"Nitamuuliza mwalimu," akasema. Kesho yake alimuuliza kweli, mzizi mmoja baada ya mwingine, hata ile niliyopatia.

Mwaka huu anajaribu tena. Siku kadhaa hakutaka msaada wangu, kisha akaniletea kamusi ya shule na kuniwekea mapajani. "Wewe soma neno tu, babu. Usieleze."

Kwa hiyo nasoma. Ulimi wangu wa Kisukuma hugeuza kila r kuwa l, naye huirudisha kimyakimya na kutaja herufi zilivyo. Jana nilifika kwenye hippopotamus, na mdomo ukanifunguka wenyewe nieleze maana.

"Babu," akasema.

Nikafungua ukurasa mwingine.